Kutoka "Sawa" hadi "Usawazishaji": Lugha ya Serikali Itazamwapo Kutoka Loitokitok

Neno usawa limetwikwa mzigo mkubwa katika Kiswahili cha Afrika Mashariki tangu enzi za kupigania uhuru. Majukwaani lilisimama pamoja na uhuru na umoja. Katika imani ya chama cha TANU, iliyotangulizwa mwanzoni mwa Azimio la Arusha la 1967, usawa wa binadamu ulikuwa nguzo ya kwanza. Nchini Kenya, Katiba ya 2010 imeupa mahali pa heshima miongoni mwa maadili ya taifa, kisha ikaurudia katika sura ya haki. Hata hivyo mhakiki wa lugha aghalabu hulipita neno hili kama mtu ampitaye jirani asiyegombana naye: hulisalimu, akaenda zake. Limeachiwa wanasiasa na wanasheria, na wote wawili hulitumia kana kwamba maana yake ni moja na imekwisha kujulikana. Makala haya yanakusudia kulirudisha neno hilo katika sarufi yake, na kuchunguza ni kazi gani serikali hupewa, au hujipunguzia, kila lichaguliwapo umbo moja badala ya jingine.

Mahali pa kulitazamia pamechaguliwa kwa makusudi. Loitokitok ni sehemu ya kusini ya Kaunti ya Kajiado, na sensa ya 2019 iliihesabia wakazi 191,846. Mji wenyewe umekaa kwenye mteremko wa Kilimanjaro, zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Chini yake nyanda hushuka hadi Amboseli, karibu mita 1,150, ambako mvua ya mwaka mzima ni wastani wa milimita 350 hivi. Juu hulimwa mahindi, maharagwe, nyanya na vitunguu. Chini hufugwa ng'ombe, mbuzi na kondoo. Wamaasai wa Ilkisongo wanaishi huko pamoja na Wakikuyu, Wakamba na Wachaga, na Kiswahili ndicho kinachowakutanisha sokoni, shuleni na barazani. Aidha, mpaka wa Tanzania uko karibu mno: kutoka Illasit hadi Tarakea ni mwendo wa miguu. Kwa hiyo masikio ya Loitokitok yamesikia Kiswahili cha serikali mbili, kila moja ikiahidi usawa kwa msamiati wake.

Msingi wa hoja uko katika uambishaji. Sawa limetoka katika Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni ya macho na mikono kabla haijawa ya sheria: kilicho sawa hakikuinuka huku kikainama kule. Ndiyo maana husemwa usawa wa bahari na usawa wa kifua, na ndiyo maana fundi mwashi hulaza pimamaji juu ya tofali na kutangaza kwamba ukuta uko sawa. Kutokana na sawa hupatikana nomino usawa, ambayo hutaja hali tu. Hali haina mtendaji. Mtu aweza kusema "kuna usawa" au "hakuna usawa", na katika sentensi zote mbili asiwepo mtu hata mmoja wa kuulizwa. Lakini lugha haikukomea hapo. Imeunda pia kitenzi sawazisha, chenye maana ya kutendesha, na kutokana nacho nomino usawazishaji. Kitenzi hiki hakikubali kusimama bila mtendaji. Panapotajwa kusawazisha, lazima pawepo anayesawazisha, kinachosawazishwa, na kifaa cha kusawazishia.

Kuna jambo jingine katika kitenzi hicho ambalo mafundi hulijua kuliko wasomi. Kiwanja cha kujengea nyumba hakisawazishwi kwa maneno. Hukatwa upande ulioinuka, na kifusi chake kikajazwa upande ulioinama. Anayetangaza kwamba atasawazisha amekiri mambo matatu: kwamba ardhi haikuwa sawa, kwamba kuna upande utakaopunguzwa, na kwamba jembe liko mkononi mwake. Anayetangaza usawa hajakiri lolote katika hayo. Tofauti ya maumbo haya mawili ndiyo, kwa hakika, tofauti ya nadharia mbili za serikali, na haikuhitaji mwanafalsafa kuigundua. Ilikuwamo katika viambishi.

Nyaraka za dola zikisomwa kwa jicho hilo, huanza kusema zaidi ya zilivyokusudia. Uchukuliwe Waraka wa Serikali Nambari 10 wa 1965 juu ya ujamaa wa Kiafrika na matumizi yake katika mipango ya Kenya, uliotoka chini ya uongozi wa Tom Mboya. Waraka huo uliahidi haki ya kijamii na fursa kwa wote. Papo hapo ulishauri kwamba fedha za maendeleo zipelekwe kwanza mahali zitakapozaa haraka, yaani penye udongo mzuri, mvua ya kutosha, barabara, na watu walio tayari kuyapokea maendeleo; kisha utajiri utakaopatikana huko usaidie sehemu nyingine. Hoja hii ina mantiki yake ya kiuchumi na si haki kuipuuza. Nchi ilikuwa changa na hazina yake ilikuwa ndogo. Lakini muundo wake wa kimaana wastahili kuchunguzwa. Sehemu ya kwanza ya hoja ina mtendaji dhahiri: serikali itawekeza. Sehemu ya pili haina. Manufaa yanatarajiwa kufika upande wa pili kama maji yanavyotarajiwa kufika bondeni, bila kutajwa nani atakayechimba mfereji, wala lini.

Waraka huo haukukosa wakosoaji wa wakati wake. Barack Obama, mwanauchumi Mkenya ambaye mwanawe alikuja kuwa rais wa Marekani, aliupinga katika jarida la East Africa Journal toleo la Julai 1965. Alilalamika kwamba ujamaa wenyewe haukufafanuliwa, akatilia shaka haraka ya kuwapa watu binafsi hati za ardhi, na akaonya juu ya uchumi kukusanyika mikononi mwa wachache. Makala yake huheshimiwa zaidi leo kuliko yalivyosomwa siku zile, jambo ambalo ni la kawaida kwa makala ya aina hiyo. Hakugusia lugha, wala haikuwa kazi yake. Hata hivyo lalamiko lake la kwanza ni lalamiko la mwanaleksikografia: neno limetumika kabla ya kupewa maana.

Kwa msikilizaji wa Loitokitok tatizo hilo lilikuwa maradufu. Upande huu wa mpaka ujamaa ulikuwa waraka wa Kiingereza uliofasiriwa barazani kwa muhtasari. Upande ule, baada ya 1967, ujamaa ulikuwa vijiji, mabenki yaliyotaifishwa na miiko ya viongozi. Neno moja liliitwa kufanya kazi mbili zinazopingana. Haikuchukua muda Kenya ikaliacha neno hilo kwa jirani yake na kuegemea harambee, neno tamu la kuvutana kamba pamoja, ambalo mtendaji wake ni wananchi wenyewe. Shule nyingi za Kenya zimejengwa kwa harambee na hakuna mtu wa haki awezaye kuidharau. Lakini yapasa isemwe kwamba harambee humpa zaidi aliye na zaidi: eneo lenye kahawa na wasomi wenye mishahara mjini huchanga mengi, na eneo la wafugaji waliotawanyika, ambao mali yao hufa kwa ukame, huchanga machache. Serikali ilipolipandisha cheo neno hili ilikuwa imehamisha, kwa nomino moja, sehemu ya wajibu wake.

Ugumu wa usawa umejidhihirisha zaidi katika suala la ardhi, na hapa Loitokitok ina mengi ya kufundisha. Mikataba ya 1904 na 1911 iliwaondoa Wamaasai katika Bonde la Ufa la kati na Laikipia, ikawakusanya kusini. Kesi waliyoifungua dhidi ya kuhamishwa huko ilitupwa mwaka 1913 kwa hoja kwamba mikataba ilikuwa baina ya dola mbili, hivyo mahakama haikuwa na uwezo juu yake. Hoja iliyowapa Wamaasai hadhi ya taifa huru kwa muda wa kutosha tu kuwashinda. Baada ya uhuru, Sheria ya Ardhi (Wawakilishi wa Vikundi) ya 1968 ilianzisha ranchi za vikundi. Katika eneo la Loitokitok zilisajiliwa Kimana, Imbirikani, Olgulului, Eselenkei, Kuku na Rombo. Ardhi ikawa mali ya kikundi, kikundi kikawa na wawakilishi, na wanachama wakaandikwa katika daftari. Waliondikwa kwa kawaida ni wanaume wenye miji. Wake, mabinti na aghalabu wajane hawakuandikwa. Neno kikundi, ambalo katika matumizi ya kila siku hujumuisha wote waliopo, lilipoingia sheriani lilipungua likawa orodha.

Mambo yalikuja kuwa bayana zaidi ranchi zilipoanza kugawanywa. Kimana ni miongoni mwa zilizotangulia, na kila mwanachama aliyesajiliwa alipata takriban ekari 60. Kwa pimamaji ya mpima ardhi, hapana shaka, huo ni usawa kamili: ekari 60 ni sawa na ekari 60. Lakini ekari iliyo kando ya chemchemi hulima nyanya mara mbili au tatu kwa mwaka, na ekari iliyo nyikani, ikizungushiwa ua, haiwezi kulisha ng'ombe mmoja mwaka wa kiangazi. Mfugaji wa zamani hakumiliki ekari. Alimiliki haki ya kuhama. Thamani ya nyika ilikuwa katika upana wake, kwa kuwa mvua hunyesha hapa mwaka huu na pale mwaka ujao. Aliyegawiwa kipande sawa na mwenzake amepokea sehemu iliyo sawa ya kitu ambacho kwa kugawanywa kimekoma kuwapo. Mgao huo ulikuwa sawa, na haukusawazisha. Wengi waliouza vipande vyao waliviuza kwa watu wenye fedha kutoka nje, na Kitengela, upande wa pili wa kaunti hiyo hiyo, ilikwisha kuonyesha mwisho wa njia hiyo: malisho yaliyokuwa njia ya nyumbu na pundamilia kutoka Mbuga ya Nairobi yamegeuka ploti, na mji wenyewe ulikuwa na watu zaidi ya 150,000 mwaka 2019.

Kitengela yaingia katika hoja hii kwa mlango mwingine pia. Katiba ya 2010, katika ibara ya 204, ilianzisha mfuko ambao magazeti na hotuba za Kiswahili huuita Hazina ya Usawazishaji. Ni asilimia 0.5 ya mapato ya taifa kila mwaka, kwa muda wa miaka 20, kwa ajili ya maji, barabara, afya na umeme katika maeneo yaliyotengwa. Kwa mara ya kwanza umbo la kutendesha likapata jina katika sheria kuu ya nchi, na mhakiki angekuwa na haki ya kushangilia. Sera ya kwanza ya ugawaji ilipotolewa ilichagua kaunti 14, kuanzia Turkana na Mandera hadi Lamu na Kwale. Narok imo. Kajiado haimo. Sababu haifichiki: Kajiado ikipimwa kwa jumla huonekana tajiri, kwa kuwa ndani yake mna Ngong, Ongata Rongai na Kitengela, miji ya watu waendao kazini Nairobi kila asubuhi. Wastani wa kaunti ulimfunika mfugaji wa Olgulului kwa blanketi la mpangaji wa Kitengela. Wastani ni nduguye usawa aliye mwongo kidogo. Humchukua aliye juu na aliye chini, akamtunga mtu wa katikati ambaye hayupo popote, kisha akazipeleka takwimu za mtu huyo serikalini. Baadaye Tume ya Ugavi wa Mapato ilibadili kipimo, ikaacha kaunti na kutazama maeneo madogo zaidi. Hatua njema, iliyokubali kwamba pimamaji ndefu mno haioni shimo.

Maji yastahili aya yake. Jina Oloitokitok lenyewe hufasiriwa na wenyeji kuwa ni chemchemi ichemkayo, na chemchemi ndizo utajiri wa kwanza wa mteremko huu. Kutoka chemchemi za Nolturesh limelazwa bomba kubwa linalopeleka maji hadi Sultan Hamud, Kajiado, Athi River na Machakos. Linapita katikati ya nyanda ambako wanawake hutembea na punda kutafuta maji. Serikali iliyolijenga haikuwa na nia mbaya. Miji ilikuwa ikikua na viwanda vilihitaji maji. Lakini jambo hili laonyesha kwamba usawazishaji waweza kufanyika kinyumenyume, kifusi kikachimbwa palipoinama. Katika Kiswahili cha ripoti, bomba kama hilo "linahudumia wananchi". Kitenzi hudumia hakisemi wananchi gani, na kiambishi wa- ni kipana mno kuweza kutofautisha aliye mwanzo wa bomba na aliye mwisho wake.

Hali kadhalika neno umma. Amboseli ilipofanywa mbuga ya taifa mwaka 1974, kilomita za mraba 392 ziliwekwa kando kwa manufaa ya umma. Ndani yake mlikuwa na vinamasi ambavyo ndivyo vilivyokuwa kimbilio la mifugo wakati wa kiangazi. Wafugaji waliahidiwa maji ya bomba nje ya mbuga na fidia ya malisho. Bomba hilo liliharibika katika miaka ya 1980, na mifugo ikarudi kinamasini. Mwaka 2005, majuma machache kabla ya kura ya maoni juu ya katiba, serikali ilitangaza kuishusha hadhi mbuga hiyo na kuikabidhi kwa Halmashauri ya Wilaya ya Olkejuado, hatua iliyopingwa mahakamani. Katika mabishano yote hayo kila upande ulisema kwa jina la umma. Umma ni neno la Kiarabu lenye asili ya jamii moja yenye imani moja. Kiswahili cha serikali kimelifanya lijumuishe kila mtu isipokuwa yule anayeombwa kusogea.

Mtu aweza kupinga hapa kwamba lawama hizi ni za serikali, si za lugha, na kwamba Kiswahili hakina kosa ila umaskini wa istilahi. Wako wasomi washikao msimamo huo. Husema kwamba Kiingereza kina maneno mawili, moja la kugawa mafungu yanayolingana na jingine la kugawa kwa kadiri ya haja, ilhali Kiswahili kina usawa tu. Basi na liundwe neno la pili. Aristotle naye alitofautisha usawa wa hesabu na usawa wa uwiano, na Amartya Sen, katika mhadhara wa 1979 uliopata sifa, aliuliza swali linalopaswa kutangulia yote: usawa wa nini? Wakati mmoja swali lake laweza kujibiwa kwa ekari, wakati mwingine kwa maji, na jibu moja hulikanusha jingine.

Pingamizi hilo lina nusu ya ukweli. Ni kweli kwamba tofauti hiyo haina jozi ya maneno iliyotulia. Lakini si kweli kwamba lugha imepungukiwa. Kiswahili kina kadiri, kina stahili, kina fungu, kina haki, na kina uwiano, ambalo lingefaa sana kwa maana ya Aristotle. Kilichotokea ni kwamba tume iliyoundwa kwa sheria ya 2008, baada ya machafuko ya uchaguzi, ilipewa kwa Kiswahili jina la Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa. Kwa njia hiyo uwiano umeacha hesabu na kuhamia katika kupatana. Mkenya wa kawaida alisikiapo neno hilo hufikiria majirani wasiopigana, wala hafikirii mizani. Hili si kosa dogo la kamusi. Nchi iliyotoka vitani ililichukua neno la kupimia haki ikalifanya neno la kutulizia hasira, na pengo likabaki pale lilipotoka. Kuunda istilahi mpya hakuzibi pengo la namna hiyo, kwa sababu istilahi mpya nayo itahitaji wizara ya kuiajiri.

Wengine, hasa wale wanaopenda mila, hupendekeza lugha za wenyeji ziombwe msaada. Kimaa kina neno osotua, lenye maana ya kitovu, na kwa hiyo kifungo cha watu wawili ambao kila mmoja aweza kumwomba mwenziwe anapopungukiwa. Mwenye osotua haombi fungu sawa. Huomba anachohitaji, na aombwaye hutoa kadiri awezavyo bila kuweka hesabu ya deni. Watafsiri wa Biblia walilichagua neno hilo kuwa ndilo agano. Ni neno zuri, na linakaribia sana maana ambayo watunga istilahi wanaihangaikia. Lakini ni vema tahadhari ichukuliwe. Osotua ni kifungo cha mtu na mtu, si cha mtu na dola. Aidha, hakikuzuia mwenye ng'ombe mia kuishi jirani na asiye na kitu, wala hakikumpa binti ng'ombe wa urithi. Serikali haina kitovu. Mwananchi anapoiomba maji haombi kwa undugu. Anadai, na neno la kudai ni haki.

Palipo na haja kubwa ya uangalizi ni katika maneno yanayowataja wale wanaodaiwa kusawazishwa. Kiswahili cha Kenya kina njia mbili kuu. Husemwa jamii zilizotengwa, na husemwa jamii zilizobaki nyuma. La kwanza liko katika kauli ya kutendwa: aliyetengwa ana aliyemtenga, hata asipotajwa. La pili halina hata kivuli cha mtenda. Aliyebaki nyuma alichelewa mwenyewe, labda alifunga viatu. Ibara ya 260 ya Katiba inawataja wafugaji waziwazi katika fasili ya jamii zilizotengwa. Hata hivyo, katika hotuba za viongozi, na zaidi katika hotuba zinazotolewa mbele ya wafugaji wenyewe, kubaki nyuma ndiko kunakotawala, kukifuatwa na nasaha za kupunguza mifugo na kupeleka watoto shule. Nasaha zenyewe zaweza kuwa njema. Lakini kitenzi kilichozitangulia kimekwisha kuamua nani mwenye kosa. Shaaban Robert alilielewa jambo hili alipoandika Kusadikika mwaka 1951: mshtakiwa wake, Karama, anashtakiwa kwa kutaka kufundisha sheria, na nguvu ya utetezi wake ni kuwarudisha watenda katika habari ambazo baraza lilikuwa limewafuta. Na tafsiri ya Fortunatus Kawegere ya riwaya ya George Orwell, Shamba la Wanyama, imewazoeza wasomaji wa shule kutambua kwamba hata sawa laweza kutiwa madaraja. Fasihi ya Kiswahili, kwa hiyo, imekwisha kutoa vifaa. Isimu ndiyo iliyochelewa kuvitumia nje ya fasihi.

Lipo pia ugatuzi. Kenya ilijaribu majimbo katika katiba ya 1963 ikayafuta upesi. Tanzania ikawa na madaraka mikoani kuanzia 1972. Kenya ikaja na mpango wa kuzielekea wilaya mwaka 1983. Kisha 2010 zikaundwa kaunti 47, nazo zigawiwe si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa. Majimbo lilichafuka kwa hofu ya ukabila, hata likawa halitamkiki bila kelele, na ugatuzi likapata bahati ya kuwa geni. Ugatuzi umesogeza serikali karibu, na Loitokitok imeona zahanati na barabara ambazo Nairobi isingezikumbuka. Lakini kusogeza siko kusawazisha. Makao ya kaunti yako Kajiado, na kura nyingi ziko kaskazini: tarafa za Kajiado Kaskazini na Isinya peke yake zilikuwa na watu 517,069 kati ya 1,117,840 katika sensa ya 2019. Mlima umepungua kimo, ila mteremko bado upo.

Limebaki neno sawa lenyewe, katika matumizi yake ya kila siku. Katika Kiswahili cha Kenya sawa ni neno la kukubali. Mtu akiagizwa chai hujibu "sawa", akiambiwa basi limejaa hujibu "sawa", na mwenyekiti wa mkutano akimaliza kusoma azimio huuliza "sawa?", umati ukaitika "sawa!". Neno la kulingana limekuwa neno la kuridhia, na si mara zote aridhiaye amelingana na aliyemridhisha. Jambo hili lingekuwa la mzaha tu kama lisingeingia katika mikutano ya ardhi. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 iliifuta ile ya 1968, na kuzitaka ranchi za vikundi zisajiliwe upya kama ardhi ya jamii, wanawake wakihesabiwa kuwa wanajamii kamili. Uamuzi wa kuiondoa ardhi mikononi mwa jamii wahitaji theluthi mbili ya watu wazima waliosajiliwa. Sheria imeandikwa kwa Kiingereza. Mikutano huendeshwa kwa Kimaa na Kiswahili, na maana hupitia kinywani mwa mkalimani ambaye hakupewa faharasa yoyote na serikali. Ndiye anayeamua papo hapo kama haki ya mjane kuwa na fungu ni usawa, ni ruhusa, au ni huruma.

Theluthi mbili ni hesabu, na "sawa" inayoitikwa kwa pamoja haina hesabu. Mkalimani mwangalifu angeweza kuligeuza swali la mwenyekiti kwa vitenzi viwili vyenye nafsi, nani anakubali na nani anakataa, akasubiri mikono iinuliwe upande wa wanaume na upande wa wanawake, kisha karani akaandika idadi ya kila upande katika daftari, jina kwa jina.